Karatasi za Kifungua Mimba

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumapili, tarehe 24 Oktoba 2021, mume wangu alipita na wanangu wawili wa kiume kwenye kizuizi cha kukagulia pasi za afya nje ya bustani ya michezo ya Disneyland Paris, nami nikabaki upande wa nje nimemshika mkono kifungua mimba wangu, msichana wa miaka 13, ambaye hakuwa na pasi. Kijana aliyekuwa akiskani misimbo ya QR ya pasi hizo alitueleza kwa Kiingereza cha upole kwamba mtoto wa umri ule alipaswa kuthibitisha kuwa amekamilisha chanjo, au kuwa amepimwa na mtaalamu ndani ya saa 72 zilizopita na hakukutwa na virusi vya korona. Nilimwonyesha ujumbe wa simu tulioupata baada ya kumpima wenyewe nyumbani, Leicester, Uingereza, alfajiri ya Jumamosi. Aliutazama, akatikisa kichwa, akatuomba tusogee pembeni ili waliokuwa nyuma yetu wapite.

Ninaandika kwa ajili ya wazazi wenzangu walioko ughaibuni, kwa kuwa wengi wetu tutafunga tena safari na watoto wakati dunia imejaa maradhi na vizuizi, na kwa kuwa yale niliyojifunza pale pembeni yamenikaa moyoni kuliko mchezo wowote tuliopanda ndani ya bustani ile.

Ahadi niliitoa Februari 2020. Binti yangu alikuwa na miaka 11 na bado aliwajua mabinti wote wa kifalme wa filamu za Disney kwa majina na kwa rangi za magauni yao. Tulilipia siku nne za likizo ya Pasaka kupitia wakala wa safari, tukabandika kalenda kwenye mlango wa friji, na watoto wakawa wanakata siku moja moja kwa kalamu nyekundu. Usiku wa tarehe 13 Machi bustani ilifungwa. Siku kumi baadaye Uingereza nayo ikatangaza watu wakae majumbani, na wakala akatupa vocha badala ya fedha zetu, jambo lililotuchukua miezi mingi ya kuandikiana barua kulimaliza. Bustani ilifunguliwa tena tarehe 15 Julai mwaka huo, ikafungwa mwishoni mwa Oktoba, ikakaa kimya hadi tarehe 17 Juni 2021. Kila ilipofunguliwa mwanangu wa kati aliniuliza kama kalenda tuirudishe, na kila ilipofungwa nilikosa la kumwambia.

Sikuwa na moyo wa kusafiri hata hivyo. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee, na majira yale ya kuchipua ya 2020 tulipoteza wazee saba ndani ya wiki nne, wengine wakifa wameshikwa mkono na mimi kwa sababu watoto wao hawakuruhusiwa kuingia. Mwishoni mwa Juni, miji mingine ilipoanza kupumua, Leicester ikawa ya kwanza kurudishwa kwenye vizuizi vya peke yake. Mtu aliyetoka katika kipindi kile akiwa salama huona haya kuitamka starehe. Nilipoanza kuizungumzia tena safari ya Ufaransa, Agosti 2021, nilijiuliza kwanza kama ninayo haki ya kwenda mahali pa kucheza na kisha kurudi kuwaosha na kuwalisha wazee walewale. Nilikwenda kwa meneja wangu, nikamweleza wazi, tukakubaliana kwamba nikirudi nitaongeza siku tano za likizo yangu mwenyewe na kujipima mara mbili kabla ya kukanyaga zamu. Nashauri hivyo kwa kila anayefanya kazi na wagonjwa au wazee: neno hilo liseme kabla ya kununua tiketi, kwa maana baada ya kulipa utashawishika kulipunguza uzito.

Shangazi yangu wa Mombasa alinipigia simu aliposikia. Alisema, "Mwanangu, Ufaransa mwaenda, kwetu hamuji?" Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwa la pesa na sheria. Kuanzia tarehe 9 Aprili mwaka huo hadi tarehe 22 Septemba, Kenya ilikuwa katika orodha nyekundu ya Uingereza, na aliyetoka huko alilazimika kukaa karantini ya hoteli siku kumi kwa gharama yake: pauni 1,750 kwa mtu mzima, zikapandishwa hadi 2,285 mwezi Agosti. Kwa familia ya watu watano, pamoja na nafuu ya watoto, hesabu ilivuka pauni 5,000 kabla ya nauli. Kenya ilipoondolewa katika orodha, likizo iliyobaki ilikuwa ile ya wiki moja ya katikati ya muhula, na nauli za watu watano kwa wiki moja hatukuziweza. Tukaiahidi Mombasa mwaka uliofuata. Siku tatu kabla hatujaondoka, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta aliiondoa kafyu iliyokuwapo tangu Machi 2020, na mama yangu akanisimulia kwa simu jinsi alivyofungua dirisha baada ya swala ya Isha ili tu asikie nyayo za watu barabarani.

Sasa nije kwenye karatasi, kwa sababu ndizo zilizokuwa safari yenyewe.

Mume wangu na watoto wana pasipoti za Uingereza. Mimi nina ya Kenya, na kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo hakinisaidii kitu mbele ya mpaka wa Ufaransa: nilihitaji viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake wakati huo ilikuwa yuro 80, mbali na malipo ya kituo cha kupokelea maombi. Nafasi za miadi zilikuwa chache mno kutokana na korona, zikitokea usiku wa manane na kupotea ndani ya dakika chache. Nilizifukuzia kwa wiki mbili nzima. Nilikusanya taarifa za benki, barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, bima ya safari na uthibitisho wa mahali pa kulala. Hatimaye pasipoti yangu ilirudi na viza ndani, nami nikaona mlima umeshapandwa. Niliziweka karatasi zote katika bahasha moja ya plastiki ya rangi ya bluu, za mume wangu mbele, kisha za watoto, na mwisho kabisa pasipoti yangu, kwa mazoea ya miaka mingi kwamba mimi ndiye wa kuulizwa maswali na mimi ndiye wa kuchelewesha wenzangu.

Kosa langu lilianzia katika mazoea hayo. Nilijihesabu mimi kuwa ndiye mwenye mashaka, nikaelekeza macho yote kwangu, na watoto nikawaona ni wepesi. Kanuni za Ufaransa nilizisoma kwa makini mwezi Agosti, nilipokuwa nikilipia vyumba: pasi ya afya, iliyokuwa imeanza kudaiwa katika maeneo ya burudani tangu tarehe 21 Julai, ilikuwa ya watu wazima. Sikuzisoma tena. Kuanzia tarehe 30 Septemba pasi hiyo ilidaiwa pia kwa vijana wa miaka 12 hadi 17. Binti yangu alikuwa amechanjwa dozi moja shuleni mwanzoni mwa Oktoba, maana Uingereza wakati huo iliwapa watoto wa miaka 12 hadi 15 dozi moja tu, ilhali Ufaransa iliitambua chanjo ile baada ya dozi mbili. Alikuwa katikati ya nchi mbili, amefanya kila alichoambiwa na nchi yake, na bado hakutosha. Laiti tungesafiri Pasaka ile ya 2020, au laiti pasi ingekuwapo alipokuwa na miaka 11, angepita bila kuulizwa kama walivyopita wadogo zake wa miaka 9 na 6. Ahadi niliyoiweka kwa mtoto niliitimiza kwa kijana, na katika muda ule wa kungoja alikuwa ameyapita magauni ya kifalme na ameupita pia umri wa msamaha.

Tulitoka Leicester Jumamosi kabla ya jua, tukafika Folkestone ili tupande treni inayobeba magari kupita chini ya bahari hadi Calais. Polisi wa mpaka wa Ufaransa hukaa papo hapo Folkestone, kwa hiyo unakaguliwa na Ufaransa ukiwa bado katika ardhi ya Uingereza. Afisa alizipokea pasipoti tano kupitia dirisha la gari, akatazama viza yangu kwa muda, akaniomba uthibitisho wa chanjo. Nikampa simu. Kifaa chake kikawaka nyekundu. Akajaribu tena, kikawaka nyekundu tena, na moyo wangu ukaanza kupiga kama ngoma. Mume wangu ndiye aliyeng'amua: katika pasi ya Uingereza ya safari kila dozi ilikuwa na msimbo wake, nami nilikuwa nimefungua ule wa dozi ya kwanza. Nilitelezesha kidole nikaufungua wa pili, kikawaka kijani, akazigonga mihuri pasipoti zote tano. Jambo dogo kama hilo linaweza kukuharibia siku. Usiku wa kabla ya safari fungua misimbo yote, jua upi ni upi, na uichapishe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima chaji pale unapoihitaji zaidi.

Safari ya chini ya bahari huchukua dakika 35. Kutoka Calais hadi Marne-la-Vallée, mashariki ya Paris, ni kiasi cha kilomita 300 za barabara kuu yenye vituo vya kulipia. Tulikuwa tumepanga nyumba ndogo katika mji ulio umbali wa dakika ishirini kwa gari kutoka bustanini, kwa sababu hoteli za karibu zilitushinda bei. Tulifika jioni, tukapika wali na maharage, watoto wakalala na nguo za asubuhi zikiwa zimekunjwa chini ya mito yao.

Na asubuhi ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Pale pembeni ya kizuizi, binti yangu aliona jinsi baba yake alivyosimama upande wa ndani, hajui arudi au aendelee, na wadogo zake wakimvuta mikono. Tiketi zilikuwa za tarehe ile. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, nenda nao. Mimi nitangoja garini. Nitawakuta mbele."

Maneno hayo ni yangu. Tangu akiwa mdogo, kila tulipofika katika mpaka wowote wa Ulaya, baba yake na watoto walipita mstari wa haraka, mimi nikaingia mstari mwingine pamoja na wenye pasipoti za nchi zetu, na nikawaaga nikisema, "Nendeni, nitawakuta mbele." Nilidhani ninawaondolea wasiwasi. Kumbe kifungua mimba wangu alikuwa akijifunza namna ya kubaki nyuma bila kumsumbua mtu. Nilipoyasikia maneno yangu kinywani mwake sikuweza kujibu kwa muda. Kisha nilimpungia mume wangu mkono aendelee na wavulana, nikamwambia binti yangu kwamba leo hakuna anayengoja garini, tunakwenda kutafuta kipimo wote wawili.

Siku ya Jumapili maduka mengi ya dawa ya Ufaransa hufungwa. Hilo sikulijua, na ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuishi huko angeniambia kwa sentensi moja kama ningeuliza. Niliendesha gari letu, lenye usukani wa kulia, upande wa kulia wa barabara kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa kuwa Kenya na Uingereza zote hupita kushoto, na binti yangu akawa ananisomea ramani na kunikumbusha "kulia, Mama, kulia" katika kila mzunguko. Duka la kwanza lenye msalaba wa kijani lilikuwa limefungwa. La pili limefungwa. La tatu lilikuwa na karatasi mlangoni iliyoandikwa kwa Kifaransa, nasi Kifaransa chetu kiliishia kwenye salamu. Tukasimama kwenye kituo cha mafuta, nikawa nashauriana na binti yangu kwa Kiswahili kama turudi tukamsubiri baba yake.

Mwanamume aliyekuwa akijaza mafuta gari la jirani aligeuka akatuuliza, "Mama, munatafuta nini?" Alikuwa mtu wa Lubumbashi, Kongo, ameishi Ufaransa miaka mingi. Nilipomweleza alisema kwamba leo ni siku ya yenga, mafarmasi yanafungwa, na ilinichukua kitambo kuelewa kwamba "yenga" kwake ni Jumapili. Alitueleza kwamba kila eneo huwa na duka la dawa la zamu, na kwamba namba ya simu ya kuliulizia ni 3237. Akaipiga yeye mwenyewe, akasikiliza, akaniandikia jina la mji na mtaa nyuma ya risiti yake ya mafuta. Sikumuuliza jina, na aliondoka kabla sijamaliza kumshukuru. Ninapohesabu vilivyoifanikisha safari ile, ninaitaja lugha yetu kabla ya fedha.

Duka la zamu lilikuwa na foleni iliyotoka nje hadi kwenye kona. Tulisimama zaidi ya saa moja. Mfamasia, mama wa makamo aliyevaa gauni la plastiki juu ya koti jeupe, alimkalisha binti yangu kwenye kiti nyuma ya pazia, akamwonyesha kwa ishara avute barakoa chini ya pua peke yake, akaingiza kijiti taratibu huku akimhesabia kwa Kifaransa. Machozi yalimtoka jicho moja kama yanavyomtoka kila mtu. Tulilipa yuro 30, tukaambiwa tusubiri dakika kumi na tano.

Dakika zile kumi na tano ndizo ninazotamani kila mzazi azipitie kichwani mwake kabla hajafunga mzigo. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa ajili ya jibu jema. Kwa ajili ya jibu baya sikuwa nimepanga hata neno moja. Kama binti yangu angekutwa na virusi angetakiwa kujitenga siku kumi, na nyumba tuliyopanga ilikuwa ya usiku tano. Nani angebaki naye? Viza yangu ilikuwa ya siku chache, na siku zake zingeisha kabla ya karantini. Mume wangu angebaki, mimi nikarudi na wavulana? Na wavulana wenyewe, waliolala chumba kimoja na dada yao, wakati huo walikuwa wamepanga foleni na maelfu ya watoto wa watu. Hapo ndipo aibu iliponishika vizuri. Sisi tuliomleta mtoto ambaye hajapimwa na mtaalamu tulikuwa tumewapeleka ndugu zake ndani kwa sababu tu karatasi hazikuwataka wapimwe. Tulitii sheria tukaiacha akili nyumbani. Kama ningeipata tena asubuhi ile, wote watano tungekaa nje hadi jibu la mmoja litoke.

Tangu hapo, kabla ya safari yoyote, mimi na mume wangu hukaa mezani tukaandika nani atabaki na nani, fedha za siku kumi za ziada ziko wapi, nani kazini ataarifiwa, na dawa za nani zitaisha lini. Mjadala huo haupendezi, na mara ya kwanza tuligombana. Lakini ni afadhali kugombana jikoni kwako kuliko kuanza kuulizana katika foleni ya duka la dawa la ugenini.

Mfamasia alitoka na karatasi yenye msimbo, akamkabidhi binti yangu mwenyewe, mkononi, akamwambia, "Négatif." Saa nane na nusu mchana tulipita kizuizi. Kijana wa asubuhi alikuwa bado zamuni, akamtambua, akaskani, taa ikawaka kijani.

Kuhusu bustani nitasema kidogo tu, kwa kuwa walioisimulia ni wengi. Disneyland Paris ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na jumba lake la kifalme la rangi ya waridi ndilo picha ambayo kila mtoto huijua. Mwaka ule lilikuwa likikarabatiwa, na mafundi walikuwa hawajamaliza. Mwanangu wa mwisho alisimama mbele ya kazi ile akauliza kama jumba nalo limechanjwa. Vitakasa mikono vilikuwa kila mlango, barakoa hatukuzivua ila kwa kula, na miwani yangu ilijaa ukungu kila tulipoingia ndani kutoka katika baridi. Fataki za usiku zilikuwa bado hazijarudishwa. Mfumo wa zamani wa kuruka foleni bure ulikuwa umeondolewa tangu Agosti, na sasa ulilipia kila mchezo kati ya yuro 8 na 15 kwa kila kichwa, bei ambayo familia ya watu watano haiwezi kuirudia mara mbili, kwa hiyo tulipanga foleni kama tulivyozoea kupanga ferini Likoni.

Nililoliona kwa karibu na ambalo halinitoki ni hili. Mickey, yule panya wa Disney, alisimama nyuma ya kamba, hatua kadhaa kutoka kwa watoto, kwa kuwa kukumbatiana kulikuwa kumekatazwa. Kitinda mimba wangu alifika mbele, akanyoosha mikono miwili kama alivyokuwa akifanya kwa bibi yake kwenye simu ya video, kisha akakumbuka, akaishusha. Mickey naye akaweka viganja vyake vikubwa vyeupe kifuani, akainama. Mtoto akaiga, akaweka vyake kifuani, akainama pia. Walibaki hivyo kwa muda hadi watoto wa nyuma wakanyamaza. Mtoto huyu alikuwa na miaka minne dunia ilipofungwa, na sehemu kubwa ya maisha anayoyakumbuka ni ya kusalimia kwa mbali.

Binti yangu aliupenda zaidi ule mgodi wa Big Thunder Mountain, ambao katika bustani ya Paris umejengwa kisiwani katikati ya ziwa, na garimoshi lake la kasi hupita chini ya maji kukifikia. Alipanda mara tatu na baba yake, giza likiwa limeanza kuingia. Aliposhuka mara ya tatu alinionyesha karatasi ya kipimo aliyokuwa ameikunja ndani ya mfuko wa koti, ikiwa salama, na akaniambia kwamba inaisha Jumatano saa saba mchana. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe.

Jumatano asubuhi ndiye aliyetuamsha. Duka la dawa la mji wetu lilikuwa wazi, tulilipa yuro 25, na hakuna aliyetangulia kuingia bustanini: wote watano tulisimama barabarani tukila mikate ya siagi hadi jibu likatoka.

Kurudi Uingereza kulikuwa na karatasi zake, na hapa tulikuwa tumejiandaa. Kuanzia tarehe 24 Oktoba, siku ileile tuliyokwama mlangoni, England ilikuwa imeruhusu wasafiri waliochanjwa, pamoja na watoto wakazi, kutumia kipimo cha haraka badala ya kile cha maabara katika siku ya pili baada ya kuwasili. Kila mtu wa kuanzia miaka mitano alihitaji chake, na namba ya kukiagizia ndiyo iliyojazwa katika fomu ya msafiri kabla ya kuvuka. Jumamosi tulipanga vipimo vitano juu ya meza ya jikoni, kila kimoja na jina lake, tukavipiga picha na kuzituma. Mimi nilijipima tena Jumanne na Jumatano, kisha nikarudi zamu. Mzee mmoja wa kike, wa miaka 91, aliniuliza nilikuwa wapi siku zote zile, nikampa kadi ya picha ya jumba la kifalme. Aliiweka kando ya kitanda, juu ya picha ya marehemu mumewe, nami sikuthubutu kuihamisha.

Mwezi mmoja baadaye mambo yalibadilika tena. Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipoingia, Ufaransa ilipunguza muda wa kipimo kutoka saa 72 hadi 24 mwishoni mwa Novemba, na tarehe 18 Desemba ikawafungia mlango watalii wote waliotoka Uingereza. Jirani yetu, aliyekuwa ameweka tiketi za Krismasi kwa kuona picha zetu, alipoteza sehemu ya fedha zake. Alikuja kuniuliza angejuaje, nami nikamjibu kwamba hakuna ambaye angaliweza kujua, ila tiketi zisizorudishiwa fedha asizinunue tena hadi maradhi yaishe, hata zikiwa nusu bei.

Binti yangu alipata dozi yake ya pili Januari 2022, na barua yake ya chanjo ya kusafiria ikaja kwa posta baada ya kuiomba. Wakati huo tulikuwa tumeanza kuulizia nauli za Mombasa za Agosti. Aliichukua bahasha ya bluu kabatini, akamwaga kila kilichokuwamo mezani, akaanza kupanga upya. Pasipoti yangu, ambayo siku zote ilikaa nyuma ya zote, aliiweka mbele kabisa, akaifuatisha na barua yake, halafu za wadogo zake, na za baba yake mwisho.